Shingo ya Dada

Wiki jana mliniacha nacheka. Mtanisamehe, kicheko chenyewe hakikudumu.

Kwa wewe uliyefungia sabuni gazeti lile kabla hujalisoma, nakukumbusha kwa ufupi. Goti lilinifukuzisha kwenye bendi ya harusi. Saluni nilikokimbilia ikafungwa. Nikawa nashinda kwa Mama nimelala chali naangalia dari, mpaka shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alipoleta habari. Yeye ni fundi wa muziki na taa kwenye ule ukumbi wa zamani wa sinema. Akasema kuna mama pale anatunga dansi mpya, anatafuta wanawake wa kucheza, na hata mwenye goti bovu anapokelewa.

Mama huyo tunamwita Mwalimu. Ndivyo nilivyojikuta kwenye onyesho la dansi za kisasa, zote zimetungwa na watu wa hapa hapa, na habari yake ni maisha ya wanawake.

Mwalimu ana sheria zake, na hataki kabisa mtu abuni. "Nendeni mkaazime," alituambia. "Kila mmoja aniletee mwendo wa mwanamke anayemjua, aliye hai. Anavyosimama, anavyokaa, anavyobeba. Na mwenyewe aulizwe kwanza."

Mmoja akamleta shangazi yake anavyofua huku mkono mmoja umeshika kiuno. Mwingine akamleta mama mkwe wake anavyopokea simu. Mimi nikamleta Dada.

Dada yangu nyumbani tunamwita Shingo Feni. Ukimwita hageuki kama watu. Shingo inaanza kuzunguka taratibu, inaanzia kulia, inapita mlangoni, inapita dirishani, macho yanakuja kukufikia mwisho kabisa, kana kwamba alikuwa anapima kama unastahili. Maringo hayo! Tumemcheka miaka na miaka. Kumwomba ruhusa hata haikunijia akilini. Utani wa nyumbani nao unaombewa ruhusa?

Basi siku walipoalikwa watu waje kuangalia mazoezi, wenzangu wakawa wananizunguka wananiita, "Dada! Dada!" nami nazungusha ile shingo. Watu walivunjika mbavu. Shemeji ndiye aliyecheka kuliko wote, hadi sauti yake ikatoka kwenye spika: "Huyo mke wangu kabisa!"

Hapo ndipo mliponiacha. Sasa sikilizeni.

Watu walipokwisha kutoka, Mwalimu alikuwa amekaa ukingoni mwa jukwaa, hana hata tabasamu.

"Springi," akaniita. Ndilo jina langu pale, kwa sababu ya goti linalolia. "Hebu rudia."

Nikarudia. Wenzangu wakazunguka, wakaita, nikageuza shingo.

"Simama hapo hapo. Nani amekuita?"

Nikamwonyesha mwenzangu mmoja, fundi cherehani, aliyekuwa kushoto kwangu.

"Amekuita yuko kushoto. Mbona umeanza kumtafuta kulia?"

"Ndivyo Dada anavyofanya, Mwalimu."

"Kila mara?"

"Kila mara. Nimekaa kwake nikimwangalia akipiga pasi mpaka nimechoka."

"Na akikaa, anakaa wapi?"

Nikafikiri. "Anapenda ukuta. Lazima ukuta uwe kushoto kwake. Hata mkitembea barabarani atahamahama mpaka uwe kulia kwake. Maringo tu, Mwalimu, usimjali."

"Hayo si maringo," akasema. "Huyo mwanamke sikio lake la kushoto halisikii. Mtu wa sikio moja hajui sauti inatoka wapi, ndiyo maana anaitafuta chumba kizima. Niliwahi kuwa na mchezaji wa hivyo."

Akainuka, akaja kusimama mbele yangu, uso kwa uso. Akaleta kiganja chake cha kulia polepole mpaka kikanigusa shavuni.

"Mtu akikupiga kofi kwa mkono wa kulia, linakupata wapi?"

Kiganja chake kilikuwa kimefunika sikio langu la kushoto.

Fundi cherehani akainama, akajifanya anafunga kamba za viatu, na viatu vyenyewe hakuwa amevaa.

Ndipo kwenye spika pakasikika mtu anakohoa.

Chumba cha mitambo kiko ubavuni mwa jukwaa, kina kidirisha kidogo na pazia jeusi. Shemeji alikuwa bado yumo, na kipaza sauti hakuwa amekizima.

Jamani, shemeji yangu mnamjua. Ndiye aliyembeba Mama mgongoni siku ile maji yalipoingia ndani, niliwasimulia. Ndiye anayechekesha msibani. Mama akimtaja huwa anasema "mwanangu yule," mpaka sisi aliotuzaa tunaona wivu. Nilirudi nyumbani nikijiambia Mwalimu amezidi, watu wa sanaa huona mambo ambayo hayapo. Nilijiambia hivyo njia nzima, na moyo ukawa haukubali.

Kesho yake asubuhi nikaenda kwa Dada.

Anapiga pasi nguo za watu. Chumba cha mbele chote ni mashati yametundikwa, na meza yake huwa imesukumwa mpaka ukutani, upande wa kushoto. Siku hiyo ukuta ulikuwa umevuja maji, kwa hiyo ameivuta meza katikati ya chumba. Alikuwa amenipa mgongo, anapiga shati jeupe la mteja.

Niliingia nimevua viatu. Nikamsogelea upande wa kushoto, karibu kabisa, hata joto la pasi likanifikia usoni.

"Dada," nikasema, sauti ya kawaida. "Nguo inaungua."

Mkono wake uliendelea kwenda na kurudi. Hakuangalia hata shati.

"Dada, nguo inaungua."

Akanyunyiza maji, akageuza kola, akaendelea.

Nikazunguka nyuma yake, nikaenda upande wa kulia, nikanong'ona, mnong'ono mdogo tu: "Dada."

Akaruka. "We mtoto! Unaingia kwa watu kama mwizi? Karibu niangushe pasi!" Akacheka, akanipiga begani. "Umekula? Mbona umekuwa hivyo usoni? Goti tena?"

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu lini nini?"

"Sikio."

Pasi ilikuwa mkononi. Aliishusha bila kuangalia, akaiweka juu ya shati. Tukabaki tunatazamana. Nguo ikaanza kuungua kweli, na ni mimi niliyeinyanyua ile pasi.

"Nani amekuambia?"

"Wewe mwenyewe. Nilivyokuwa nakuiga."

"Kuniiga? Kuniiga wapi?"

Nikamweleza yote. Dansi, ile shingo, watu walivyocheka, maneno ya Mwalimu. Alisikiliza huku anakunja lile shati lililoungua, analikunjua, analikunja tena vizuri kabisa, kama vile mteja atalichukua.

"Mlipokuja kunisalimia nilipojifungua," akasema, "mnakumbuka? Mama aliniita sikusikia. Ukasema, huyu tangu apate mtoto wa kiume ana maringo. Mkacheka wote. Na yeye alikuwepo, amekaa pale, akacheka na ninyi. Ilikuwa imepita wiki moja tu tangu anipige."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Mlikuwa mnacheka."

Nililia. Sina haja ya kuwaficha, nililia kama mtoto, na yeye ndiye akawa ananibembeleza. Hebu fikiria!

"Uitoe kwenye hiyo dansi yenu," akasema nilipotulia. "Unanisikia? Leo hii uitoe. Yule akijua kwamba watu wanajua, mimi nitarudi naye ndani ya nyumba gani?"

Hapo nikatamani ardhi inimeze. "Dada, ameshasikia. Alikuwa chumba cha mitambo. Alikohoa."

"Ndiyo maana," akasema.

"Ndiyo maana nini?"

Akainama, akavuta boksi chini ya meza. Viatu vipya, vyekundu, vya kisigino. "Kaja navyo jana. Kasema nivae nije kwenye onyesho, nikae mbele na Mama. Yule akininunulia kitu hajanikosea bado. Ndiyo anakaribia kunikosea."

"Twende nyumbani. Sasa hivi. Tumpitie mtoto shuleni, twende."

"Mama atanirudisha kabla sijakaa kitako. Mara ngapi nimekwenda pale nikiwa na maneno yamenifika hapa?" Akagusa koo. "Naingia tu, ananiambia, mwanangu yule hajambo? Maneno yote yanarudi chini. Wewe nenda kaitoe, mdogo wangu. Hilo tu ndilo nakuomba."

Nikaenda mbio kwa Mwalimu. Nilitegemea atabisha, maana ile shingo ndiyo ilikuwa kitovu cha dansi. Hakubisha hata kidogo.

"Mwenyewe amekataa, basi," akasema. "Ungemuuliza mwanzo, tusingefika hapa. Wakikuita, simama tu, usigeuke. Mpaka mwisho."

Nilishusha pumzi. Kumbe nimeshusha mapema.

Shemeji alikuwa kwenye ujia wa nyuma ya jukwaa, anakunja waya mrefu, anauzungusha kati ya kiwiko na kiganja. Akaniona, akatabasamu lile tabasamu lake la kumpendeza kila mtu.

"Shemeji! Nasikia mnaipunguza ile ya kuchekesha."

"Mwalimu ndiye amesema."

"Mwambie aiache kama ilivyo. Nimewaalika wenzangu wote. Dada yako naye anakuja kujiona, nimeshamnunulia na viatu." Waya ukawa unazunguka, unazunguka. "Ile ni sehemu nzuri kuliko zote. Sasa mkiitoa, shemeji yangu, mimi nitaona kuna maneno mmeambiana, wewe na dada yako. Na mimi sipendi watu wasemane kwangu nikiwa sipo. Si unanijua?"

"Nakujua," nikasema.

"Haya basi. Cheza vizuri." Akanirekebisha kola ya blauzi kama baba anayempeleka mtoto shule, akaenda zake.

Niambieni nyie mnaosoma, ningefanya nini? Nikigeuza shingo, nimemvua nguo Dada mbele ya watu baada ya kunisihi. Nisipogeuza, nimemwambia mumewe kwamba tumezungumza. Nikampigia Dada simu tupange neno moja. Ikapokelewa.

"Shemeji?" akasema yeye. "Dada yako anapiga pasi. Nikamwambie nini?"

Nikakata.

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama nyuma. Nikachungulia kwenye pazia. Mama amekaa mbele kabisa, kajipamba, anawaonyesha majirani zake chumba cha mitambo kwa kidole: mwanangu yule. Dada yuko pembeni yake na vile viatu vyekundu. Alikuwa amechagua kiti cha mwisho, ukuta kushoto, lakini Shemeji alitoka, akamshika mkono, akamhamisha katikati. "Kaa hapa uone vizuri, mke wangu." Watu wakamsifu. Mama akaishia kukaa kushoto kwa Dada, na tangu hapo akawa anamwongelesha sikio lile lile, anaongea, anacheka, na Dada ameangalia mbele, hajui kama anasemeshwa.

Mama akamfinya. Nikasoma midomo yake kutoka pale nilipo: "Maringo yako haya!"

Tulicheza. Shangazi akafua, mama mkwe akapokea simu, mwanamke wa tatu akabeba maji hadi shingo ikatetemeka. Watu walitulia, wengine walifuta macho. Kisha muziki ukakata kama ilivyopangwa, na wenzangu wakaanza kunizunguka.

"Dada!"

Nikasimama.

"Dada! Dada!"

Nikasimama. Goti lilikuwa linalia peke yake, nikahisi kila mtu analisikia. Sikugeuka. Nikamwangalia Dada tu, naye ananiangalia, na nikaona mabega yake yanashuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Spika zikakwaruza.

"Shingo Feni!"

Ilikuwa sauti ya Shemeji, yenye kicheko, sauti ya mtu anayependwa. "Shingo Feni, geuka basi, tunakungoja!"

Wenzake waliokaa nyuma wakaipokea hapo hapo. "Shingo Feni! Shingo Feni!" Wakaanza kupiga makofi ya kufuatana. Waliokuja siku ya mazoezi wakajua ni ile sehemu ya kuchekesha, nao wakajiunga. Ukumbi mzima ukawa unaita jina la utani la dada yangu. Mama naye alicheka! Alicheka mpaka akamlalia Dada begani.

Dada akasimama.

Akavua viatu vile vyekundu, akaviweka kwenye kiti chake, kimoja kando ya kingine. Akapanda ngazi za jukwaa peku. Nilidhani ananijia mimi. Akanipita. Akaenda mbele kabisa, kwenye taa, akasimama ameelekea watu, chumba cha mitambo kikiwa kushoto kwake. Akanyoosha kidole, akaligusa sikio la kushoto.

"Sema tena," akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia nyumbani kwetu. "Upande huu sisikii. Sema tena, wewe uliyeniziba."

Kelele zikakatika.

"Sema, mume wangu. Kipaza sauti unacho."

Nikamwangalia Mama. Mkono wake ulikuwa mdomoni. Alikuwa anaangalia vile viatu kwenye kiti, halafu upande wa Dada wa kushoto, halafu mikono yake mwenyewe. Mama ameelewa. Nawaapia, nilimwona akielewa, na sitaki tena kuona mtu akielewa kitu namna ile.

Wengine hawakuelewa. Walidhani ni dansi. Mtu mmoja akaanza kupiga makofi, wa pili akafuata, kisha ukumbi wote ukasimama. "Huyu mama hatari!" "Kumbe naye ni mchezaji!" Wenzake Shemeji ndio waliopiga kwa nguvu kuliko wote. Mwalimu akatoka nyuma ya pazia anapunga mikono, "Taa za ukumbi! Washeni taa!" nani amsikie?

Na anayewasha taa ni nani? Ni yule yule.

Badala ya taa ukaja muziki. Ngoma ile ya mwisho, kaifungulia sauti mpaka mbao za jukwaa zikatetemeka chini ya miguu yangu. Sikio zima la Dada likajaa ngoma, hilo moja alilobakiwa nalo.

Pazia jeusi la chumba cha mitambo likasogea. Akatoka. Hakuwa anakimbia, na lile tabasamu alikuwa nalo bado, na ule waya ameukunja mkononi. Alikuwa anakuja upande wa kushoto wa Dada.

Mama akapiga kelele, nikaona mdomo tu. Nikakimbia, goti likanikatalia hatua ya kwanza, nikaanguka kifudifudi. Watu wakashangilia. Nikainua kichwa nikaita kwa pumzi zote nilizokuwa nazo:

"Dada!"

Akanisikia. Akaanza kunitafuta, shingo ikaanzia kulia kama siku zote, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.